Anahesabu Hadi Ishirini, Lakini Tano Bado Haijui

Mwekee mtoto wa miaka mitatu na nusu rundo la vizibo vya soda, kisha mwambie, "Nipe vitatu." Watoto wengi wa umri huo watachota kiganja kizima na kukukabidhi, hata wale ambao wageni wakija nyumbani huitwa wahesabu moja hadi ishirini na kupigiwa makofi. Ukimwomba avihesabu vile alivyokupa, atagusa kimoja baada ya kingine bila kosa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Muulize sasa, "Kwa hiyo viko vingapi?" Ama ataanza kuhesabu upya, ama atataja namba yoyote iliyo karibu na ulimi.

Mtoto huyo si mzito wa kuelewa, wala hakufanyii mchezo. Ameshajua majina ya namba na mpangilio wake, kama anavyojua maneno ya nyimbo ambazo maana yake haijui. Ambacho bado hajakipata ni kwamba kila jina ni la idadi fulani, na kwamba neno la mwisho analolitaja anapohesabu ndilo jibu la "viko vingapi". Kati ya mambo hayo mawili kuna mwaka mzima au zaidi wa kazi ya akili. Wazazi wengi, na walimu wa awali pia, hawaioni kazi hiyo kwa sababu kelele za "moja, mbili, tatu" zinaifunika.

Zoezi la "nipe vitatu" lilipata umaarufu kupitia utafiti wa Karen Wynn nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu hapo limerudiwa na watoto wa lugha nyingi. Picha inayojitokeza inashangaza kwa jinsi inavyofanana. Kwanza mtoto anaijua moja peke yake. Ukimwomba kizibo kimoja anakupa kimoja, na ukimwomba viwili, vitano au kumi, anachota tu. Anakaa hapo kwa miezi. Kisha anaijua mbili, lakini tatu bado ni "vingi". Miezi inapita tena, anaijua tatu, pengine na nne. Halafu mwendo unabadilika. Hajifunzi tano, kisha sita, kisha saba, kila moja kwa miezi yake. Anaishika kanuni yenyewe: ukiongeza kitu kimoja unasogea neno moja mbele, na pale unapoishia ndipo penye idadi. Akishaishika, namba zote anazozijua kwa majina zinapata maana karibu kwa pamoja.

Kwa nini polepole hadi tatu au nne, halafu ghafla? Jibu linalokubalika na wengi ni kwamba jicho la binadamu linaweza kuona kitu kimoja, viwili au vitatu, pengine vinne, na kujua idadi yake papo hapo bila kuhesabu. Wewe mwenyewe ukitupiwa mbegu tatu mezani huzihesabu, unaziona tu kuwa ni tatu. Zikiwa saba, lazima uhesabu. Kwa hiyo namba ndogo mtoto anaweza kuzinasa kwa macho, lakini kuanzia tano kwenda juu macho hayamsaidii tena, na hapo hana njia nyingine ila kuelewa kuhesabu ni nini.

Umri wa kufika hapo unatofautiana sana. Watoto waliokulia katika maongezi mengi ya namba hufika wakiwa na miaka mitatu na nusu au minne hivi, na wengine hufika wakiwa na mitano au zaidi. Watafiti waliowafuata watoto wa Watsimane, jamii ya wakulima na wawindaji wa Bolivia, walikuta hatua zile zile kwa mpangilio ule ule, ila zikiwa zimechelewa kwa miaka kadhaa. Mzazi mwenye mtoto wa miaka minne anayechota kiganja hana sababu ya kuingiwa na hofu. Ana sababu ya kujua mtoto wake yuko hatua gani, kwa sababu kinachomsaidia mtoto aliyeijua mbili ni kumpeleka kwenye tatu. Kumkaririsha hadi hamsini hakumsogezi.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu lina uzito mkubwa baadaye. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake waliunganisha takwimu za tafiti sita ndefu kutoka Marekani, Uingereza na Kanada, zilizowafuata watoto tangu walipoingia shule. Walitaka kujua ni nini, kati ya yale anayoingia nayo mtoto, kinachotabiri vizuri zaidi masomo yake ya miaka inayofuata. Uelewa wa awali wa namba ndio uliotangulia, mbele ya ujuzi wa awali wa kusoma na mbele ya utulivu au utundu wa mtoto. Matokeo hayo hayasemi kwamba namba peke yake huzaa mafanikio. Lakini yanatosha kutufanya tuache kuona hesabu za awali kama michezo ya kuwasogeza watoto mpaka darasa la kwanza.

Sasa angalia tunavyofanya. Ukipita katika madarasa mengi ya awali na vituo vya chekechea, utakuta watoto wa miaka minne wameinamia madaftari wakiandika 5, 5, 5, 5, mstari kwa mstari. Ukurasa ukijaa mwalimu anaweka vema, jioni mzazi anafungua daftari na kuona kwamba mtoto amesoma. Simlaumu mzazi. Daftari ndicho kitu pekee kinachorudi nyumbani kumwonyesha mtoto alifanya nini siku nzima. Tena shule nyingi za binafsi huwafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na usaili huo hudai kuandika. Mzazi anasukumwa, naye anamsukuma mwalimu.

Lakini kuandika umbo la 5 mara hamsini kunaufundisha mkono peke yake, tena mkono ambao vifupa vya kifundo chake bado havijakomaa kuwa mfupa kamili. Hakumwambii mtoto chochote kuhusu tano: kwamba ni vidole vya mkono mmoja, kwamba ni mbili na tatu, kwamba ukiondoa kimoja inabaki nne. Mtoto anaweza kupata vema kwenye ukurasa mzima na bado akachota kiganja ukimwomba vizibo vitano.

Sera zenyewe hazitaki mtoto wa awali afundishwe hivyo. Tanzania, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na mtaala wa awali unasisitiza kujifunza kwa vitendo na michezo. Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, ina miaka miwili ya awali, iitwayo PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano, na mtaala wake nao unasisitiza shughuli. Ugumu uko darasani. Kiwango kinachotajwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu ada zilipoondolewa katika shule za umma mwaka 2016, madarasa mengi ya serikali yana watoto wengi kuliko hapo kwa mbali sana. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake akiimbisha namba kwa pamoja anafanya anachoweza bila darasa kumshinda. Kwa hiyo shauri lolote lisilomfaa mwalimu huyo ni maneno matupu, na ninayoyataja hapa chini nimeyachagua kwa sababu hayahitaji fedha.

La kwanza ni maongezi. Susan Levine na wenzake walirekodi mazungumzo ya nyumbani ya familia za Chicago, watoto wakiwa na umri wa kati ya miezi 14 na 30. Wazazi waliokuwa wakitaja namba mara nyingi katika maisha ya kawaida walikuwa na watoto ambao, wakikaribia miaka minne, walielewa vizuri zaidi maana ya namba. Kilichofaa zaidi ni namba zilizotajwa juu ya vitu vinavyoonekana pale pale, tena idadi ya kuanzia nne kwenda juu, ambazo wazazi wengi huziruka kwa kudhani ni kubwa mno kwa mtoto. Na kuna namna ya kusema inayosaidia kuliko nyingine. Ukihesabu tu "moja, mbili, tatu, nne" mtoto anasikia wimbo. Ukisema tu "hivi ni vinne" anasikia jina. Ukiyaunganisha, "Hivi ni vijiko vinne, tazama: moja, mbili, tatu, nne," unamwonyesha kwamba neno la mwisho la kuhesabu na jina la idadi ni kitu kimoja. Ni sentensi moja tu, na ndiyo hasa anayohitaji kuisikia mara nyingi.

Jikoni ni mahali pazuri kuliko darasa kwa kazi hii. "Mwanangu, niletee vitunguu viwili." Akileta vitatu, hakuna haja ya kumkaripia: "Umeniletea vitatu, mimi nataka viwili. Turudishe kimoja." Katika maneno hayo machache mtoto amesikia tatu, mbili na moja, na ameona kwa macho jinsi zinavyohusiana.

Hapa Kiswahili kina mambo yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza haviwezi kuyagusa. Mtoto wetu akiimba anasema "mbili", lakini jikoni anasikia "viwili", akiulizwa juu ya wadogo zake anasikia "wawili", na maembe ni "mawili". Ni lazima agundue mwenyewe kwamba hayo yote ni idadi moja. Tatu, nne na tano hazimsumbui hivyo, kwa kuwa ndani ya "vitatu" na "watatu" neno tatu bado linasikika lote. Mbili ndiyo inayojificha. Kwa hiyo usishangae mtoto anayejua "mbili" kwenye wimbo akikodoa macho ukimwambia "viwili". Mwalimu anayelifahamu hili huyataja maumbo yote mawili kwa makusudi anapoonyesha vitu.

Kwa upande mwingine, lugha hiyo hiyo inampa mtoto msaada mkubwa. Kitunguu kimoja, vitunguu viwili: tofauti ya umoja na wingi inasikika mwanzo wa neno, kisha inarudiwa kwenye namba. Watafiti walikuta kwamba watoto wa Slovenia na wa Saudi Arabia, ambao lugha zao zina umbo maalumu la vitu viwili, waliielewa mbili mapema kuliko watoto wa Kiingereza. Maana yake sarufi humwelekeza mtoto mahali pa kutazama. Ndiyo maana napendelea kuanza na vizibo, vijiti na vikombe kuliko ndizi, nyanya na kalamu. Nyanya ni nyanya iwe moja au kumi, na hapo mtoto anapoteza ishara moja aliyokuwa akiitegemea. Baadaye, akishazoea, mletee nyanya.

Vidole navyo visidharauliwe. Wapo walimu wanaowakataza watoto kuhesabia vidole wakiona ni dalili ya udhaifu. Katika umri wa awali mambo ni kinyume: watoto ambao hawajaweza kutaja idadi sahihi kwa mdomo mara nyingi hukaribia zaidi jibu wakionyesha kwa vidole. Kidole kinajua kabla ya ulimi. Mwache ahesabu kwa vidole mpaka mwenyewe aviache.

Halafu kuna michezo, na hapa ndipo ninapoumia kuona tunachokipoteza. Mdako, ambao mabibi zetu waliucheza chini ya mwembe, ni somo la namba lililokamilika. Unachimba kishimo, unaweka kokoto, unarusha jiwe moja juu na kabla halijatua unazikokota kokoto nje, kisha unarusha tena na kuzirudisha zote isipokuwa moja. Raundi inayofuata unabakiza mbili, halafu tatu. Mtoto lazima aione idadi kwa mtupo mmoja wa jicho, aitenge kwa mkono, na ajue imebaki ngapi, yote hayo jiwe likiwa hewani. Mtoto wa miaka minne hawezi mdako kamili, lakini anaweza kukaa kando na dada yake, kuokota, na kutetea kwamba "hizo ni tatu, si mbili." Ubishi huo una thamani kuliko kurasa kumi za daftari.

Mchezo mwingine ulipimwa kwa makini. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walicheza na watoto wa Head Start, programu ya serikali ya Marekani kwa familia za kipato cha chini. Ubao ulikuwa na visanduku kumi vilivyopangwa mstari mmoja, vyenye namba 1 hadi 10, na mtoto akasogeza kete kisanduku kimoja au viwili kwa zamu. Vipindi vilikuwa vinne tu, vya dakika 15 hadi 20, ndani ya wiki mbili. Watoto wakaboreka katika kuhesabu, kutambua tarakimu na kulinganisha namba ipi kubwa, na wiki tisa baadaye faida ilikuwa bado ipo. Wenzao waliocheza mchezo kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Siri iko katika mstari: namba ikiwa kubwa, mkono umesafiri mbali zaidi, maneno yaliyotajwa ni mengi zaidi, na muda umepita zaidi. Ukubwa wa namba unaonekana, unasikika na unahisiwa kwa pamoja.

Sharti moja lisisahaulike. Mtoto aliye kwenye 3 akipata zamu ya kusogea visanduku 2, aseme "nne, tano" anaposogea, asiseme "moja, mbili". Akianza na moja kila zamu, ubao hauna tena la kumfundisha. Na ubao wenyewe si lazima ununuliwe. Chora visanduku kumi kwa mkaa kwenye sakafu au kwa kijiti uwanjani, watoto wawe kete wenyewe. Darasa la themanini linaweza kuwa na mistari minane, kila mstari ukiwa na kiongozi.

Kutumia vitu vya mazingira si wazo la kuletwa jana. Miaka ya 1980 pale Mombasa ulianza mradi wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baada ya viongozi wa jamii za Kiislamu za pwani kutaka watoto wao wafike shule ya msingi wakiwa tayari bila kuacha dini na utamaduni wao. Ukaenea Zanzibar na Uganda. Zana zilikuwa za hapo hapo, na watoto walijifunza kwa kushika na kuchagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwalinganisha watoto wa mradi huo, watoto wa shule nyingine za awali na waliobaki nyumbani, katika nchi hizo tatu. Waliosoma awali waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawapita wote.

Liko jambo la kuuliza maswali, ambalo ni dogo kwa sura lakini linaharibu mengi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliweka safu mbili za vitu zenye idadi sawa, akamuuliza mtoto kama ziko sawa. Mtoto akikubali, aliinyoosha safu moja iwe ndefu na kuuliza tena. Watoto wengi chini ya miaka sita walisema safu ndefu ina vitu vingi zaidi. Piaget akaona hawajaelewa kwamba idadi haibadiliki kwa kutawanya. Miaka ya 1970 huko Uskochi, James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jaribio, ila safari hii safu ilivurugwa na mwanasesere mtundu, "kwa bahati mbaya". Watoto wengi zaidi wakajibu sahihi. Yaelekea katika jaribio la kwanza baadhi yao walikuwa wakimsoma mtu mzima: amebadilisha kitu mwenyewe, ameuliza swali lile lile, basi bila shaka anataka jibu jingine.

Mtoto aliyelelewa kumheshimu mkubwa, kama tunavyowalea wetu, anausoma uso wa mwalimu kwa makini hata zaidi. Mwalimu akisema "Una uhakika?" mtoto anabadilisha jibu lililokuwa sahihi. Swali bora ni "Umejuaje?" na liulizwe hata jibu likiwa sahihi, ili lisigeuke kuwa ishara ya kosa.

Mtoto akishaishika kanuni na kuvuka kumi, Kiswahili kinamfungulia mlango mwingine. Kevin Miller na wenzake waliwalinganisha watoto wa China na wa Marekani katika kuhesabu. Hadi kumi walikwenda sawa. Baada ya hapo Wachina wakatangulia, kwa sababu lugha yao inasema kumi-moja, kumi-mbili, wakati Kiingereza kina majina mapya kabisa ya 11 na 12 na kinapindua yanayofuata. Kiswahili kinasema wazi: kumi na moja, kumi na mbili. Jina lenyewe linaeleza namba imeundwaje. Mtoto anayesoma shule inayofundisha kwa Kiingereza, hapa kwetu, aelezwe kwanza namba hizi kwa lugha ya nyumbani. Mpe vijiti kumi avifunge kwa uzi viwe fungu moja, kisha aweke kimoja kando: kumi, na moja.

Huko mbele mteremko unaisha, kwa kuwa ishirini, thelathini na arobaini hazisemi zimetoka wapi. Siku moja atafika ishirini na tisa na kuendelea kwa kujiamini: "Ishirini na kumi, ishirini na kumi na moja." Asichekwe. Hakuna mtu aliyewahi kumtamkia maneno hayo. Ameyaunda mwenyewe kutokana na kanuni aliyoigundua, na hesabu yake ni sahihi kabisa. Mwekee mafungu mawili ya kumi, msaidie kulifunga la tatu, kisha mpe jina analolihitaji: thelathini.